Maswali ya Wasomaji: Wayahudi wa Montreal na Vuguvugu la Kujitenga kwa Quebec

Katika toleo lililopita, safu hii ilijibu kwa ufupi swali kuhusu kura ya maoni ya mwaka 1995, ambapo Quebec, jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi huzungumza Kifaransa, lilikosa kuanza safari ya kujitenga kwa tofauti ya kura 54,288 tu. Sentensi moja katika jibu hilo, iliyosema kwamba Wayahudi wa Montreal, jiji kubwa kuliko yote jimboni humo, walipiga kura ya Hapana karibu wote, imeniletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua sita. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa kuwa nyingine zote zinaegemea juu yake.

Swali: Ndugu Mhariri, ninavyoelewa mimi, Wafaransa wa Quebec walikuwa wanyonge mbele ya matajiri wa Kiingereza, na Wayahudi walikuwa wanyonge mbele ya kila mtu. Kwa nini basi wanyonge hawa wawili hawakushikana mikono? Ni ubaguzi, ni fedha, au ni jambo gani? (Msomaji wa Iringa)

Jibu: Ndugu msomaji, ubaguzi ulikuwapo na fedha zilikuwapo, lakini mimi ningeanzia darasani.

Wayahudi waliomiminika Montreal kuanzia miaka ya 1880 wakitoka katika himaya ya Urusi na nchi jirani hawakujua Kiingereza wala Kifaransa. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiyidishi. Shule za umma za Quebec wakati huo ziligawanywa kwa dini: za Wakatoliki, ambazo nyingi zilifundisha kwa Kifaransa, na za Waprotestanti, zilizofundisha kwa Kiingereza. Kanisa Katoliki halikuwa na hamu ya kupokea watoto wasio wake, na mtoto wa Kiyahudi hakuwa na upande. Mwaka 1903 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyosema kwamba, kwa mambo ya elimu, Myahudi ahesabiwe kuwa Mprotestanti. Hapo ndipo mtoto aliyeingia shuleni akizungumza Kiyidishi alipotoka akizungumza Kiingereza, na wajukuu wake wakawa watu wa Kiingereza kabisa. Wala hakupewa usawa katika shule hizo alizosukumiwa, kwa maana Wayahudi hawakuruhusiwa kukaa katika bodi ya shule za Kiprotestanti hadi miaka ya 1960, ingawa wazazi walilipa kodi za shule kama wengine. Kwa hiyo vuguvugu la utaifa wa Kifaransa lilipopata nguvu na kuanza kuwauliza Wayahudi kwa nini wamejiunga na Waingereza, swali hilo lilikuwa limejibiwa miaka 70 kabla na bunge la Quebec lenyewe.

Ubaguzi nao haukuwa wa kubuniwa. Katika miaka ya 1930 padri na mwanahistoria Lionel Groulx, ambaye wapenda utaifa wengi wa Quebec walimhesabu kuwa mwalimu wao, aliandika dhidi ya Wayahudi na kuunga mkono wazo la kutonunua katika maduka yao. Mwandishi wa habari Adrien Arcand aliunda chama kilichomwiga Hitler waziwazi. Tukio ambalo Wayahudi wa Montreal hawajalisahau ni la Juni 1934, wakati daktari kijana Samuel Rabinovitch, aliyehitimu katika chuo kikuu cha Kifaransa cha jiji hilo, alipoajiriwa katika hospitali ya Notre-Dame kwa mafunzo ya vitendo. Madaktari wenzake wa mafunzo waligoma, mgomo ukaenea hadi hospitali nyingine za Kikatoliki, na baada ya siku chache kijana huyo akajiuzulu ili wagonjwa wasiteseke. Angalia jambo linalouma zaidi hapo: alikuwa amefanya kile hasa ambacho Wayahudi walilaumiwa kwa kutokifanya, yaani alisoma kwa Kifaransa.

Haki inanilazimu niongeze kwamba Waingereza wa Montreal hawakuwa bora. Chuo Kikuu cha McGill, fahari yao, kiliwawekea waombaji wa Kiyahudi alama za juu kuliko wengine ili kupunguza idadi yao. Na ukirudi nyuma zaidi, historia ya utaifa wa Kifaransa ina sura nyingine pia. Mwaka 1807 Ezekiel Hart, mfanyabiashara Myahudi, alichaguliwa kuwa mbunge na wapiga kura wa Trois-Rivières, mji ambao wakazi wake wengi walikuwa Wakatoliki wa Kifaransa. Bunge lilimkataa kwa sababu ya dini yake, wapiga kura wakamrudisha, na mwaka 1809 akafukuzwa tena. Lakini mwaka 1832 bunge hilohilo, likiwa chini ya uspika wa Louis-Joseph Papineau, kiongozi mkuu wa utaifa wa Kifaransa wa zama zake, lilipitisha sheria iliyowapa Wayahudi haki zote za kiraia na kisiasa, robo karne na zaidi kabla Bunge la Uingereza halijamruhusu Myahudi kuketi humo. Ukimsoma Papineau peke yake utaona muungano uliowezekana. Ukimsoma Groulx peke yake utaona usiowezekana.

Hatimaye kuna kumbukumbu ya Ulaya. Baada ya mwaka 1945, Montreal ikawa mojawapo ya miji iliyopokea manusura wengi wa mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Mtu wa namna hiyo akiona kwenye televisheni umati umebeba bendera na kuimba habari za taifa, hashughulikii kwanza hoja ya katiba. Anawaza masanduku ya safari yako wapi. Hofu hiyo haikuwatendea haki viongozi wa vuguvugu la Quebec la miaka ya 1970. René Lévesque, mwasisi wa Parti Québécois, chama kilichopigania kujitenga, alikuwa mwandishi wa habari za vita pamoja na jeshi la Marekani na aliiona kambi ya Dachau mwaka 1945 kwa macho yake, kwa hiyo alijua vizuri kuliko wanasiasa wengi utaifa uliooza unafikia wapi. Hata hivyo hofu haitoki kichwani kwa sababu kiongozi ni mtu mwema, maana kiongozi hupita na umati hubaki.

Swali: Nimesikia kwamba baada ya chama cha Lévesque kushinda, Wayahudi walikimbia Quebec. Je, walikimbia kweli, na ni wangapi? (Msomaji wa Mombasa)

Jibu: Wengi waliondoka, ila neno "walikimbia" linahitaji uangalifu.

Tarehe 15 Novemba 1976 Parti Québécois kilipata viti 71 kati ya 110. Siku chache kabla ya hapo Charles Bronfman, tajiri mkubwa wa Kiyahudi aliyemiliki timu ya besiboli ya Expos, alikuwa ameonya kwa maneno makali kwamba angehamisha biashara zake chama hicho kikishinda. Baadaye aliomba radhi na akabaki. Nalitaja tukio hilo kwa sababu magazeti yalilifanya kuwa sauti ya Wayahudi wote, jambo ambalo halikuwa kweli, ingawa hofu aliyoitamka ilikuwa ya wengi.

Agosti 1977 ikaja Sheria 101, iliyoandaliwa na waziri Camille Laurin, daktari wa magonjwa ya akili kwa taaluma. Sheria hiyo ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya mabango ya biashara na ya serikali, na ikaamuru kwamba mtoto asome shule ya Kiingereza inayogharimiwa na serikali ikiwa tu mzazi wake alisoma shule ya msingi kwa Kiingereza humo Quebec. Wayahudi waliokuwa wamezaliwa huko kwa vizazi viwili au vitatu hawakuguswa sana na kifungu cha shule. Kilichowagusa ni hesabu ya kijana wa miaka 22 aliyemaliza chuo, Kifaransa chake kikiwa cha kuombea njia tu, huku Toronto, jiji la Kiingereza nje ya Quebec, umbali wa saa chache kwa gari, ikitoa kazi bila kumuuliza lugha. Vijana wakaenda. Wazazi wakabaki na nyumba zilizoshuka bei, na sinagogi zikaanza kuhesabu wazee wengi kuliko harusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Montreal ilikuwa na Wayahudi zaidi ya 100,000 na ilikuwa kitovu cha maisha ya Kiyahudi nchini Kanada. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu takriban 90,000, wakati Toronto sasa ina karibu mara mbili yake. Tofauti hiyo ya Montreal ingekuwa kubwa zaidi kama Wayahudi wa Afrika Kaskazini na nchi nyingine wasingejaza sehemu ya pengo. Vilevile usisahau kwamba fedha na makao makuu ya kampuni za Kanada yalikuwa yameanza kuhamia Toronto kabla Lévesque hajashinda lolote. Siasa iliongeza mwendo wa mto uliokuwa tayari unatiririka upande huo.

Waliobaki nao walifanya jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Shule za kibinafsi za Kiyahudi, ambazo zilipokea ruzuku ya serikali, ziliongeza saa za Kifaransa katika ratiba iliyokwishajaa Kiebrania, Kiingereza na mahali pengine Kiyidishi. Viongozi wa jumuiya walianza kutenganisha maswali mawili ambayo majirani wao Waingereza waliyachanganya: je, Kifaransa kiwe lugha ya kawaida ya Quebec, na je, Quebec iwe nchi? Kwa swali la kwanza jibu la jumuiya liliendelea kusogea kuelekea Ndiyo. Kwa la pili lilibaki Hapana. Mimi naona huo ndio uamuzi wa maana kuliko yote waliyoyafanya katika kipindi hicho, na haukupigiwa kura na mtu yeyote. Ulifanyika darasani na mezani nyumbani.

Swali: Je, hapakuwa na Wayahudi waliozungumza Kifaransa? Hao walisimama wapi? (Msomaji wa Bukavu)

Jibu: Walikuwapo, na kisa chao kina kejeli ya pekee. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Wayahudi wa Moroko, Wasefardi, walianza kuhamia Montreal. Wengi walikuwa wamesoma katika shule za shirika la Alliance Israélite Universelle, lililoanzishwa Paris mwaka 1860, na Kifaransa chao kilikuwa safi. Walipofika katika jiji la Kifaransa walikuta kwamba mlango wa shule za Kikatoliki ni mgumu na jumuiya ya Kiyahudi iliyowatangulia huendesha mambo yake kwa Kiingereza, hivyo watoto wao wengi waliwekwa katika shule za Kiprotestanti na kujifunza Kiingereza kama kawaida. Ilibidi wazazi wapiganie shule yao wenyewe, École Maïmonide, iliyoanza mwaka 1969, miaka minane kabla ya Sheria 101. Leo Wasefardi ni kati ya moja ya tano na moja ya nne ya Wayahudi wa jiji hilo.

Lugha iliwarahisishia mazungumzo na serikali ya Lévesque, na waliheshimiwa na mawaziri kama mshairi Gérald Godin, aliyeshughulikia uhamiaji na kuwa na marafiki wengi miongoni mwa wahamiaji. Lakini katika kura ya kujitenga wengi wao pia walisema Hapana. Walikuwa wameona Moroko baada ya uhuru wa mwaka 1956, na walijua kwamba kuzungumza lugha ya mwenye nyumba hakukufanyi kuwa mwenye nyumba.

Swali: Kama karibu wote walipiga kura upande mmoja, si walikuwa tu kundi linaloburutwa na chama cha Liberali? Na baada ya kushindwa, wapenda kujitenga waliwachukuliaje? (Msomaji wa Nairobi)

Jibu: Kwa sehemu ya kwanza ya swali lako, fuatilia eneo moja la uchaguzi, D'Arcy-McGee, ambamo upo mji mdogo wa Côte-Saint-Luc wenye Wayahudi wengi. Mbunge wake tangu mwaka 1966 alikuwa daktari Victor Goldbloom, ambaye mwaka 1970 akawa Myahudi wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Quebec, kwa tiketi ya Liberali, chama kilichopinga kujitenga. Alipojiuzulu mwaka 1979, Parti Québécois kilimsimamisha hapo Myahudi, David Levine, ambaye hakuwa na matumaini ya kushinda na hakushinda. Aliyeshinda, Herbert Marx wa Liberali, baadaye akawa waziri wa sheria. Desemba 1988 Mahakama ya Juu ya Kanada ilibatilisha kifungu cha Sheria 101 kilichotaka mabango ya biashara yawe ya Kifaransa pekee, na waziri mkuu wa jimbo, Robert Bourassa, Mliberali, akakirudisha kwa mabango ya nje kupitia sheria mpya, akitumia kifungu cha katiba kinachoruhusu bunge kukiuka baadhi ya haki. Marx alijiuzulu uwaziri. Uchaguzi wa mwaka uliofuata wapiga kura wa D'Arcy-McGee waliwaadhibu Waliberali kwa kumchagua Robert Libman, msanifu majengo kijana wa Equality, chama kipya cha watetezi wa Kiingereza, kilichopata viti vinne. Mwaka 1994 eneo hilo likarudi kwa Waliberali. Watu wanaoburutwa hawafanyi hivyo. Ila kura ya maoni si uchaguzi wa kawaida. Ina majibu mawili tu, na mwaka 1995 zaidi ya asilimia 95 ya kura halali za D'Arcy-McGee zilikuwa za Hapana.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1995, matokeo yalipofika asilimia 50.58 kwa 49.42, waziri mkuu wa jimbo Jacques Parizeau alisimama mbele ya wafuasi wake na kusema kwamba wameshindwa kwa fedha na kura za makabila. Kongresi ya Wayahudi wa Kanada ilikuwa imefanya kampeni ya Hapana bega kwa bega na mabaraza ya Wagiriki na Waitalia, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza anasemwa nani. Kesho yake Parizeau alitangaza kujiuzulu. Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, wakaguzi wa lugha waliondosha madukani vyakula vya kosheri (yaani vilivyoandaliwa kwa kufuata sheria za dini ya Kiyahudi) vya Pasaka ya Kiyahudi kwa sababu lebo zake hazikuwa na Kifaransa, jambo lililoifanya Quebec ichekwe hadi nje ya Kanada, na serikali ikalazimika kuruhusu bidhaa hizo kwa kipindi maalumu kinachozunguka sikukuu. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilifika katika jumuiya iliyokuwa bado inasikia sauti ya Parizeau.

Kisha Desemba 2000 Yves Michaud, mzee wa vuguvugu aliyetaka kugombea ubunge, alitoa kauli kuhusu Wayahudi na mateso yao, na akalalamikia jinsi Côte-Saint-Luc ilivyopiga kura. Bunge la Quebec, pamoja na wabunge wa chama chake, lilimlaani kwa kauli moja tarehe 14 Desemba. Kundi kubwa ndani ya Parti Québécois lilikasirishwa na azimio hilo, na mgogoro huo ulikuwa miongoni mwa sababu za waziri mkuu Lucien Bouchard kutangaza kujiuzulu mwezi uliofuata. Ukiniuliza ni wakati gani vuguvugu lilijitazama kwenye kioo, nitakutajia huo. Swali lilikuwa wazi: je, raia anayekataa mradi wetu ni mpinzani wa kisiasa, au ni mgeni? Bouchard alijibu kwamba ni mpinzani, na haikumsaidia kubaki.

Swali: Levine aliyegombea kwa tiketi ya wapenda kujitenga aliishia wapi? (Msomaji wa Arusha)

Jibu: Alikuwa msimamizi wa hospitali kwa taaluma. Mwaka 1998 alipoteuliwa kuongoza hospitali kubwa ya Ottawa, mji mkuu wa Kanada, baadhi ya wakazi waliandamana kudai afukuzwe kwa sababu aliwahi kuwa mgombea wa Parti Québécois miaka 19 nyuma. Hakufukuzwa wakati huo. Mwaka 2002 alirudi Quebec kuwa waziri katika sekta ya afya. Kwa hiyo Myahudi mmoja aliyesema Ndiyo naye alionja joto, ila kutoka upande wa pili.

Swali: Je, mambo yamekuwa vilevile penginepo, kwa mfano Uskoti? Na hali ya Quebec leo ikoje? (Msomaji wa Zanzibar)

Jibu: Uskoti ni kisa kifupi. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Wayahudi 5,887 tu huko, na baraza lao halikuchukua upande katika kura ya maoni ya Septemba 2014. Lilijishughulisha na kuuliza pande zote mbili maswali kuhusu usalama, uchinjaji wa kidini na uhusiano na Wayahudi wenzao wa Uingereza. Waliweza kunyamaza kwa sababu hakuna aliyewataka wabadilishe lugha.

Quebec, kwa upande wake, imehama kutoka lugha kwenda mavazi. Mwaka 2013 serikali ya Parti Québécois chini ya Pauline Marois ilileta muswada wa kuwakataza wafanyakazi wa umma kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, ikiwamo kofia ndogo ya Kiyahudi, kippah. Hospitali Kuu ya Kiyahudi ya Montreal, iliyofungua milango mwaka 1934, mwaka uleule wa mgomo dhidi ya Rabinovitch, na ambayo tangu mwanzo imetibu watu wa dini zote, ilitangaza kwamba haikubaliani na muswada huo na kwamba haitaomba hata msamaha wa muda uliotolewa kwa taasisi kama yake. Safari hii jumuiya haikuwa peke yake, kwani waliolengwa zaidi walikuwa wanawake Waislamu wavaao hijabu, na Wayahudi walijikuta wakitoa hoja moja nao. Marois alishindwa uchaguzi wa tarehe 7 Aprili 2014 na muswada ukafa.

Mwaka 2019 serikali nyingine, ya wapenda utaifa wasiodai kujitenga, ilipitisha Sheria 21, tena kwa kutumia kifungu kilekile cha katiba ambacho Bourassa alikitumia mwaka 1988. Inawahusu, miongoni mwa wengine, walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka. Madaktari hawamo katika orodha hiyo. Kijana wa Kiyahudi mwenye kippah, mwenye Kifaransa kizuri kuliko cha babu yake na asiyefikiri kabisa kuhamia Toronto, anaweza leo kumpasua moyo jirani yake hospitalini, lakini hawezi kumfundisha mtoto wa jirani huyo katika shule ya serikali bila kuivua kwanza.